PSP-3000 ya mtumba kwa programu za kujitengenezea: uzoefu wangu hapa Mbeya

Anayenunua PSP, mashine ya magemu ya mkononi ya Sony, ili acheze na anayenunua ili aendeshe programu zake mwenyewe hawatafuti kitu kimoja. Mimi ni wa kundi la pili. Nina steshenari Iyunga, karibu na wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, na kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa kulaminisha cheti huwa nabaki na muda wa kuandika mistari michache. Nilitaka kifaa cha mkononi chenye vitufe, kioo cha maana, na mlango wa kuingizia programu ninazoandika, au zile ambazo watu wameziandika na kuzitoa bure. Magemu ya dukani hayakuwemo kwenye hesabu.

Muuzaji wa vifaa vya mtumba pale Mwanjelwa alikuwa na PSP mbili. Moja ni PSP-1000 nyeusi, nene, safi kama imetoka kwenye boksi jana. Nyingine ni PSP-3000 ya rangi ya fedha, mikwaruzo mgongoni, na mlango wa diski umeshikwa kwa solatepu. "Kaka, sikudanganyi, hiyo haisomi diski. Chukua hii nene, haina hata alama." Nikachukua ya solatepu, na kwa sababu ya ubovu huohuo akanishushia bei mpaka laki moja.

Sababu ni hii. PSP-1000, ile ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 2004, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MB 32. Kuanzia PSP-2000 ya mwaka 2007, Sony waliongeza mpaka MB 64, na zipo programu za kujitengenezea zinazotaka hizo 64, chini ya hapo haziwaki. Diski je? Programu zetu zote zinakaa kwenye memori kadi. Kisomeo cha UMD, zile diski ndogo za magemu ya PSP, kikifa, mimi nimepunguziwa kelele na mlaji wa betri. Kwa hiyo kasoro inayomkimbiza mchezaji ndiyo iliyonipa punguzo. Mikwaruzo ya mgongoni pia. Hata kile kifundo cha analogi kikiwa kinavuta upande, programu nyingi ndogo zinatumia vitufe vya mshale tu.

Kasoro za kuogopa ni nyingine, na wauzaji hawazitaji kwa sababu nao hawaziangalii. Mwombe akuwashie kwa betri, siyo kwa chaja. Kisha fungua kifuniko uitazame betri yenyewe: ikiwa imevimba hata kidogo, ihesabu kuwa haipo. Hili siyo suala la kudumu na chaji tu. Kusasisha mfumo wa PSP kunataka betri yenye chaji na chaja iliyochomekwa, vyote viwili. Bila betri nzima mashine inakataa. Na ni vizuri inakataa, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo umebaki na kipande cha plastiki, na huku kwetu umeme hauagi.

Baada ya betri, tazama tundu la kadi. Ingiza kadi, toa, ingiza tena, uone kama picha zilizomo zinafunguka kila mara. Pini za tundu hilo zikichoka, hakuna programu ya kukuokoa.

Chaja nayo ina neno. PSP inatumia volti 5 kwa plagi ya duara. Pale sokoni utaonyeshwa chaja za ruta zenye plagi inayofanana, nyingi ni volti 9 au 12. Usijaribu. PSP-3000 inaweza kuchaji kwa waya wa mini USB, ule wa kamera za zamani, ukishawasha kuchaji kwa USB kwenye mipangilio. Ni taratibu, lakini inakubali pawabenki, na mimi ndivyo ninavyofanya.

Wengine wataniuliza kwa nini nisingechukua PS Vita, mrithi wa PSP. Ni mashine nzuri na ina nguvu kuliko hii, lakini kadi zake ni za kwake peke yake, na kutumia microSD kunahitaji adapta ya SD2Vita inayokaa kwenye tundu la gemu. Nintendo DS ina RAM ya MB 4 na vioo vyake ni vidogo mno kwa nilichotaka. Vile vya Kichina vya Anbernic na Miyoo vingi vinakuja na Linux tayari, huhangaiki kufungua chochote, na kama unataka urahisi nenda huko. Ila kwa hapa Mbeya ni vya kuagiza, na mimi napenda kushika kitu kabla sijakilipia.

Sasa kadi. PSP inataka Memory Stick PRO Duo, kadi ya Sony yenyewe, ila adapta ya kuingizia microSD inafanya kazi bila shida. Chukua yenye tundu moja. Zile zenye matundu mawili zinagawanya data kwenye kadi zote mbili, ukitoa moja au ukizibadilisha nafasi umevuruga vyote. Kadi ya GB 32 inatosha na kubaki. Zaidi ya hapo kadi huja na mpangilio wa exFAT, PSP haiusomi, inabidi uiandike upya kwa FAT32. Na kabla hujaiamini, ipime kwa H2testw, programu ya kuhakiki ukubwa wa kadi, kwenye kompyuta. Kadi ya kwanza niliyouziwa ilijiandika GB 32 huku data ikianza kuharibika kabla haijafika hata robo. Muuzaji alinirudishia hela bila ugomvi, nadhani nilikuwa sipo peke yangu.

Kuweka mfumo kulikuwa kwepesi kuliko kununua kadi. Kwenye taarifa za mfumo niliona toleo la zamani, nikapandisha hadi 6.61 rasmi, toleo la mwisho kabisa la PSP. Faili linaitwa EBOOT.PBP, linakaa ndani ya PSP/GAME/UPDATE. Kabla ya hapo acha PSP yenyewe ifomati kadi, inakutengenezea mafolda kwa majina sahihi. Halafu nikaweka ARK-4, mfumo usio rasmi unaoiruhusu PSP kuendesha programu za kujitengenezea: folda moja inaingia SAVEDATA, nyingine GAME, unafungua kifungulio chake kwenye menyu, basi. Ukiishia hapo, mashine ikizimika kabisa unakifungua upya. Ukiilaza tu hakipotei. Kwenye PSP-1000 na zile 2000 za mwanzo watu walikuwa na njia ya betri ya Pandora, betri iliyorekebishwa ili kufungua mashine. Kwa 3000 njia hiyo haipiti, ila programu ya Infinity, ya mtu anayeitwa Davee, inafanya mfumo ubaki hata baada ya kuzima. Niliiweka jioni, betri imejaa, kibanda kimefungwa, hakuna mteja wa kunigonga kiwiko.

Muuzaji alikuwa ameshanijazia magemu ya kunakili kwenye kadi yake, kama zawadi. Nilifuta yote. Siyo utakatifu, nilitaka nafasi, na nilitaka tatizo likitokea nijue limetoka kwangu.

Ninachoandika ni bao. Natumia ONELua, programu inayoendesha maandishi ya lugha ya Lua kwenye PSP: unaweka EBOOT.PBP yake kwenye folda ndani ya GAME, pembeni yake script.lua yenye maandishi yako, unachomeka waya, unahifadhi, unafungua. Hakuna kukompaili. Kioo cha PSP ni pikseli 480 kwa 272, na bao lina mashimo 8 kwa mstari, mistari 4. 480 kugawa kwa 8 ni 60 kamili. Kwa urefu nimeipa kila shimo pikseli 54, zinabaki 56 juu za kuonyesha kete za mkononi: 22 kila upande mwanzoni mwa namua, awamu ya kwanza ya mchezo, kwa kuwa 10 ziko tayari ubaoni, 6 zikiwa kwenye nyumba, lile shimo maalumu. Kutembeza kete ni kazi nyepesi kwa prosesa inayofika megahezi 333. Kazi ni sheria za kutakata, yaani kucheza bila kula, na hizo hazitatuliwi na mashine yoyote. Wazee wa kijiweni hapa nje bado wanabishana.

Kioo cha 3000 kina rangi nzuri kuliko za nyuma, ila kitu kikipita kwa kasi unaona mistari ya mlalo. Kwenye bao siioni. Kinachoudhi kweli ni Wi-Fi: inaelewa WEP na WPA, aina za zamani za ulinzi wa Wi-Fi, hotispoti ya simu yenye WPA2 inaigomea, kwa hiyo kila faili linapita kwenye waya. PSP mbili zinaweza kuwasiliana moja kwa moja bila ruta, na kwa lugha ya C maktaba za PSPSDK, zana za kuandikia programu za PSP, zinaruhusu hilo. Nimeanza kuhamishia bao huko ili watu wawili wacheze, kila mmoja na chake. Natafuta ya pili, 2000 au 3000, iwe na betri nzima na tundu la kadi lisilolegea. Kioo kikiwa na mkwaruzo tutaelewana bei.