Nissan Leaf Dodoma: miezi 18 ya kuchaji kwa LUKU

Jioni tukitoka kazini Mtumba, haupiti muda bila mtu kunisimamisha aniulize: hili gari la umeme linalipa kweli? Kwangu limelipa. Ila hesabu yake si ile watu wanayopigiana vijiweni.

Nakaa Kisasa. Kazini, shule ya watoto na sokoni vinanipeleka kilomita 40 kwa siku ya kazi, kama 1,000 kwa mwezi. Toyota IST yangu ya zamani kwa mwendo huo ilikuwa inakunywa lita 70 hivi za petroli. Nikichukulia lita shilingi 3,000, maana bei za EWURA, wadhibiti wa nishati, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hiyo ni 210,000. Leaf inakula uniti 180, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti ni kama shilingi 356 na kodi zake, jumla 64,000.

Wengi wanaishia hapo. Sisi nyumbani tulikuwa tunatumia uniti 60 kwa mwezi, tuko kundi la matumizi madogo, uniti kwa shilingi 122. Ukivuka 75 unahamia bei ya 356, na si kwa umeme wa gari tu: friji, taa, pasi, vyote vinapanda nalo. Uniti 60 zilizokuwa 7,300 sasa ni 21,400. Hizo elfu 14 zilizoongezeka ni za gari, ziandike. Ninachookoa kweli ni kama 132,000 kwa mwezi, na mambo ya kubadilisha oili na plagi za injini nimeshayasahau.

Jambo la pili ni waya. Wiki ya kwanza nilichomeka kwenye soketi ya sebuleni, inayotumia laini moja na friji. Saa nane usiku tukaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa imevimba, tundu moja jeusi, plagi haichomoki. Nawaomba sana, msijaribu hivyo. Mwite fundi umeme avute waya mnene wa peke yake kutoka kwenye meinswichi, na breka yake. Mimi ilinigharimu 180,000, na sasa gari linachaji usiku kucha, plagi vuguvugu tu.

Betri ndiyo gari lenyewe. Pembeni ya dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wake. Langu lilikuja na 10, na betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, kwa hiyo jua letu la Oktoba naliogopa. Naegesha kivulini hata kama ni mbali na mlango. Likijaa linanipa kilomita 100 na ushee. Niliwahi kwenda Bahi kufuata mchele. Kurudi upepo ulikuwa wa mbele, na nilipofika Nala namba ya kilomita zilizobaki ikapotea, mahali pake vikabaki vistari vitatu (---) vinapepesa. Nikazima AC, nikaendesha kwa spidi ya 40 mpaka nyumbani.

Wa safari za Kondoa au Singida kila wiki, baki na petroli. Mimi Dar naenda kwa treni ya SGR.

Nililinunua kwa milioni 4 zaidi ya IST ya hali hiyohiyo. Kwa 132,000 kwa mwezi, pesa hiyo inarudi kwa miezi 30 hivi, na ile ya fundi inaongeza mmoja na kitu. Vijistari bado ni 10.