Tikka T3x ya .223: bunduki safi, risasi za "mapacha" ndizo zilinichosha

Kiswahili changu ni cha jeshini, msinisahihishe sana. Siku hizi naongoza wawindaji wageni Karamoja, Uganda. Kwa nyati wanakuja na bunduki zao kubwa za .375. Kwa taya (yule swala mdogo, oribi), na kwa kuwapima kama kweli wanajua kulenga, kampuni yetu ina hii Tikka ya kutoka Finland. Nimekaa nayo mwaka mzima.

Bolti yake inateleza kama iliyopakwa samli. Triga, uzito wake wa kuvuta unaurekebisha kati ya kilo moja na mbili. Yetu nimeiacha karibu na mbili, maana vidole vya wageni vina haraka. Magazini ni ya plastiki, na mimi niliyezoea bati la SMG (AK ya jeshini) bado naitazama kwa jicho la pembeni, ingawa haijaniangusha.

Lawama yangu ni kwa duka la risasi. Tuliomba .223, ya kiraia, tukapewa pakiti mbili zilizoandikwa 5.56x45, ya kijeshi. Muuzaji akaniambia, "Afande, hizo ni mapacha, piga tu."

Mapacha, ndiyo, ila hawalali kitanda kimoja. Kwa nje ganda ni karibu sawa, bolti inafunga bila kulalamika, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ya kijeshi ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele, kabla kichwa cha risasi hakijagusa mistari ya mtutu. Chemba ya .223 nafasi hiyo ni fupi. Kichwa kikigusa mapema, moshi wa baruti unakosa pa kupumulia, presha inapanda. Tena 5.56 yenyewe hujazwa kwa nguvu zaidi.

Nilipiga tatu. Ya kwanza sikuona shida. Ya tatu bolti ikagoma kuinuka mpaka nikaigonga kwa kiganja, na ganda lilipotoka kifataki chake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, kilikuwa bapa kama sarafu: dalili ya presha kupita kiasi. Nikafunga pakiti.

Kinyume chake hakuna shida: bunduki yenye chemba ya 5.56 inakula .223 salama. Lakini msilichukue hilo mkalipeleka kwenye .308 ya kiraia na 7.62x51 ya jeshi. Huko chemba ya kijeshi huwa ndefu kidogo, na ganda la kiraia, ambalo ni jembamba zaidi, linaweza kuvutika hadi likapasuka. Ukiwa na bunduki kuukuu ya jeshi, fundi aipime chemba kwanza. Na 7.62 ya SMG ni x39, ganda jingine kabisa. Kijana wetu mmoja alitaka kubishana nami juu ya hilo hadi nikaziweka mbili sambamba mezani.

Duka lilibadilisha pakiti, ila nauli ya Moroto hadi Kampala na kurudi ilikuwa yetu. Bunduki nyota nne na nusu, duka nyota moja. Mtutu umechapwa ".223 REM" kwa herufi ndogo, basi nimeirudia kwa rangi nyeupe kwenye kitako, kubwa, hata asiye na miwani aione.