CHF ya zamani na CHF iliyoboreshwa

CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya afya ya hiari hapa Tanzania, ilianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Sheria ikaja 2001. Kila halmashauri ilikuwa na mfuko wake, hivyo kadi ya zahanati ya Uporoto kwa kawaida haikufua dafu ukipewa rufaa kwenda Mbeya mjini. Iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa. Hapo iliizidi ya zamani kwa mbali.

Ila zote zilikuwa na donda moja: hiari. Mzima anangoja, anayekohoa ndiye anayekimbilia kadi. Mfuko unakauka, dawa zinaisha, mwaka wa pili watu hawarudi. Na mwandikishaji akipita Januari, mahindi yangali shambani, ataambulia ahadi tu. Apite Agosti, magunia yakiuzwa.