Uzoefu wangu na psutil, moduli ya Python ya takwimu za utendaji wa kompyuta

Sehemu ya kazi yangu ni kuangalia seva za ofisi, nyingi zikiendeshwa na Linux na moja na Windows. Kwa muda mrefu takwimu zake nilizikusanya kwa skripti zilizoita amri za top, free na df, zinazoonyesha matumizi ya prosesa, memori na diski, kisha zikachambua maandishi yaliyotoka. Njia hiyo huenda vizuri mpaka toleo jipya la amri libadilishe mpangilio wa safu zake, au mpaka skripti ihamishiwe kwenye Windows, ambako amri hizo hazipo kabisa. Ndipo nikaamua kuijaribu psutil kwa makini. Moduli hii ilianzishwa na Giampaolo Rodolà, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009, na hutolewa bure kwa leseni ya BSD. Wako wanaoitumia bila kujua, kwa kuwa programu ya Glances, ya kufuatilia hali ya kompyuta, imejengwa juu yake.

Usakinishaji haukunisumbua. Amri moja ya pip, kisakinishi cha moduli za Python, ilitosha. Kompaila ya C huhitajika tu mahali ambapo hakuna kifurushi kilichotayarishwa, kwa sababu sehemu ya moduli imeandikwa kwa lugha hiyo.

Nilianza na cpu_percent, inayotoa asilimia ya matumizi ya prosesa, kwa kuwa ndiyo inayokimbiliwa na wengi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Asilimia ya matumizi ya prosesa si kitu kilichoandikwa mahali kikingoja kusomwa. Kwenye Linux, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hujumlisha, tangu kompyuta ilipowashwa, muda ambao prosesa imeutumia kwa programu za watumiaji, kwa kazi za kerneli yenyewe, kwa kusubiri diski na kwa kukaa bila kazi, na majumlisho hayo huonekana katika faili la /proc/stat. Asilimia hupatikana kwa kuyasoma mara mbili na kutazama tofauti. Kwa hiyo ukiiita cpu_percent kwa mara ya kwanza bila kutaja kipindi cha kusubiri, inarudisha 0.0, tarakimu isiyo na maana yoyote, na nyaraka zinalisema hilo waziwazi na kushauri kwamba kati ya mwito mmoja na mwingine ipite angalau sekunde 0.1. Nilipokipunguza kipindi hadi sekunde 0.01, majibu yalirukaruka ovyo kati ya 0 na 100, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa faili hilo huhesabu muda kwa vipande vya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kipindi cha sekunde moja, matokeo yalikaribiana na ya top kiasi cha kuniridhisha.

Anayetoka Windows atashangazwa na jambo jingine: asilimia ya mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, inaweza kuzidi 100, kwa sababu psutil haiigawanyi kwa idadi ya kori (viini vya prosesa) kama ifanyavyo Task Manager. Mchakato unaozishika kori mbili kikamilifu huonyesha 200. Mimi naupendelea mtindo huu, ila ripoti inayokwenda kwa mkuu wa ofisi lazima iambatane na maelezo.

Kwa upande wa memori, moduli hii imenifaa zaidi ya nilivyotarajia. Linux hutumia memori isiyo na kazi kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, hivyo tarakimu ya memori iliyo tupu kabisa huwa ndogo hata kwenye seva yenye afya njema, na mtu anayeitazama hiyo peke yake atatangaza hatari kila asubuhi. Tarakimu ya kufuatwa ni available, ambayo kerneli zenyewe huikadiria tangu toleo la 3.14, na asilimia inayotolewa na virtual_memory hukokotolewa kutokana na hiyo. Uamuzi huo ni sahihi, na umeniondolea hoja nyingi na wenzangu. Busara ya namna hiyo niliikuta pia katika disk_usage: kwenye diski zenye mfumo wa mafaili wa ext4, kwa kawaida asilimia 5 ya nafasi huwekwa akiba kwa ajili ya akaunti ya root, yaani ya msimamizi wa mfumo, na asilimia inayotolewa huhesabiwa kwa nafasi anayoweza kuitumia mtumiaji wa kawaida, hivyo inalingana na ya df.

Bado kuna suala la memori ya kila mchakato. Tuna programu ya wavuti inayozaa michakato kadhaa kutoka mchakato mama mmoja, na ukijumlisha thamani za rss, yaani RAM inayoshikwa na kila mchakato, za michakato yote unaweza kupata jumla inayozidi RAM iliyomo ndani ya mashine, kwa sababu kurasa (vipande) za memori wanazoshirikiana huhesabiwa upya kwa kila mmoja. Tangu toleo la 4.0, psutil ina memory_full_info, inayotoa uss, yaani memori ambayo ingerudi kwa mfumo iwapo mchakato ungefungwa sasa hivi, na kwenye Linux hutoa pia pss, inayogawa kurasa za pamoja kwa wote wanaozitumia. Kwa kujumlisha pss nilipata hesabu iliyolingana na hali halisi ya seva, na kwa uss nikajua ni mchakato upi unaostahili kuanzishwa upya. Gharama yake ni kwamba usomaji huu ni mzito na hudai ruhusa kubwa zaidi, kwa hiyo hauwekwi katika mzunguko wa kila sekunde.

Jambo dogo lililonifurahisha ni ulinzi wake dhidi ya namba za michakato zinazotumika tena. Mfumo unaweza kuipa programu mpya namba ileile ya mchakato uliokwisha kufa, na skripti ya kizembe ikaua programu isiyohusika. psutil huutambua mchakato kwa namba pamoja na muda ulioanzishwa, na ukiamuru kill kwa mchakato ambao namba yake imeshachukuliwa na mwingine, inakataa kwa kutoa kosa la NoSuchProcess.

Kasoro zipo. Bila akaunti ya root, orodha ya miunganisho ya mtandao kwenye Linux haitaji mchakato unaomiliki muunganisho ikiwa mchakato huo si wako, na hilo ni sharti la mfumo, wala si uvivu wa moduli. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sensors_temperatures, ya kusoma joto la vifaa, kwenye Windows haipo kabisa, na skripti inayoiita bila kukagua kwanza inaanguka. Kwenye seva pepe za Linux kwa kawaida ipo, ila hurudisha kamusi tupu, yaani jibu lisilo na kipimo chochote. Kwa kompyuta mpakato, sensors_battery inafanya kazi vizuri, nami naisifu kwa sababu mahali umeme unapokatika bila taarifa inawezekana kuandika mistari michache ya kuizima mashine kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Kumbukumbu za jana psutil haiweki. Hupima sasa hivi tu, na kuhifadhi ni kazi yako au ya programu nyingine.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni kwa wanaotumia konteina, yaani mazingira yanayotenganisha programu moja na nyingine ndani ya mashine ileile. Ndani ya konteina ya Docker, virtual_memory husoma /proc/meminfo, na kwa kawaida faili hilo huonyesha memori ya mashine nzima, si kikomo ulichoiwekea konteina. Programu iliyopewa MB 512 kwenye seva ya GB 16 itaambiwa kwamba nafasi ni tele mpaka dakika kerneli inapoiua. Kwa seva za namna hiyo, skripti yangu husoma kwanza /sys/fs/cgroup/memory.max na memory.current, yaani kikomo cha memori cha konteina na matumizi yake ya sasa, na inapokuta neno max mahali pa tarakimu, yaani hakuna kikomo kilichowekwa, ndipo huirudia virtual_memory.