Taulo la kununua Dar: lipi linakausha, lipi linasukuma maji tu

Taulo nililonunua Kariakoo mwaka jana lilikuwa laini kama kifaranga. Nikaoga, nikajifuta, maji yakabaki mgongoni, yanahama tu bega hili kwenda lile. Lebo nikaisoma baadaye: polista tupu. Uzi wa pamba wenyewe hunywa maji. Wa polista hauyanywi, maji hubaki kwenye nafasi kati ya uzi na uzi.

Kwa hiyo kwangu namba moja ni taulo la pamba la mtumba. Ndiyo, mtumba. Nenda soko la Karume, tafuta lililofuliwa mpaka likachakaa kidogo, vitanzi vyake vya uzi vikiwa bado vimesimama. Dawa za kiwandani zilishatoka zamani. Omba ruhusa, dondosha tone la maji: likizama papo hapo, lipa. Likikaa juu kama shanga, rudisha.

La pili, pamba mpya. Hapa tone linaweza kukudanganya kwa sababu ya vilainishi vya kiwandani, basi chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Uzito nao una maana. Taulo la sentimita 70 kwa 140 ni karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo ukilipima kwa muuza sukari (atacheka, mwache) gramu utakazoona ndizo gramu kwa mita ya mraba. Mimi nachukua 400 hadi 500. Yale ya 600 na zaidi hunywa sana, ila kwa joto hili la Dar lenye unyevu, tena masika, unalianika asubuhi na jioni bado bichi, kesho linanuka uvundo.

Tatu ni kanga iliyozeeka. Haibebi maji mengi, lakini inakauka kabla hujamaliza chai. Kwa safari sina kingine.

Mikrofaiba naiweka ya nne: kwa sehemu kubwa ni polista, ila nyuzi zake nyembamba mno huacha vijinafasi vingi vya kushika maji. Nzuri kwa nywele na kufutia gari, mwilini inakwaruza.

La mwisho ni lile kifaranga langu.

Ukishanunua, lifue mara mbili kabla ya kulitumia, na usitie kilainishi cha nguo. Kinaacha utando juu ya nyuzi, na pamba yako nzuri itaanza kusukuma maji kama polista.