Kipima kasi ya maji cha mkono: nilivyokitumia kwenye mashua, Tanga

Kwa mnaouliza kama hiki kifaa chenye kifeni mbele ya fimbo kinafaa kwa vyombo vyetu: kinafaa kwa wastani wa kasi. Msukosuko wenyewe wa maji ubavuni mwa chombo hakiuoni.

Nimekitumia Sahare, kwenye mashua ya mita 6, wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, ili mkondo usiharibu hesabu. Tulikwenda kwa tanga, mashine imezimwa, kwa sababu pangaboi likizunguka linavuruga maji ya tezi (nyuma ya chombo) na vipimo havina maana tena. Kando ya omo (mbele ya chombo), mbali kidogo na mbao, kilisoma karibu sawa na mwendo wa chombo. Karibu na usukani namba iliporomoka, ikawa inapanda na kushuka bila kutulia. "Mwanangu, hapo maji yanaburutwa na chombo," nahodha akaniambia, na ndivyo ilivyo.

Tatizo ni ukubwa wa kifeni. Mashua hiyo ikienda mita 2 kwa sekunde, namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa maji na mnato wake, inafika kama milioni 13. Kwenye ubao laini msukosuko huanza ikiwa karibu laki 5, kwa hiyo maji huvurugika kabla hayajapita hata nusu mita kutoka omo. Tabaka hilo la maji yanayoburutwa ubavuni huzidi kunenepa likielekea tezi. Kwa hesabu ya ubao bapa, huko mwisho linafika kama sentimita 8, upana wa vidole vinne. Kifeni kina sentimita 6! Kinameza karibu tabaka lote na kukupa namba moja.

Maabara za meli humulika chembe ndogo majini kwa leza na kuzipiga picha mbilimbili kwa haraka, ndipo kasi ya kila sehemu ijulikane. Sisi tulibandika nyuzi za sufi ubavuni na kuzirekodi kwa simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji. Za mbele zililala zimenyooka. Za karibu na tezi zilipigapiga, nyingine zikageukia omo. Nyuzi hizo zilinifunza kuliko kifaa.

Fimbo hutetemeka mwendo ukizidi, na mwani ukinasa kifeni kinasimama. Kioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini, chumvi isikigandishe.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Kwa mtu wa mifereji ya umwagiliaji ningekipa 5.