Kupiga kambi Kitulo wakati wa kiangazi: nyota 4 kati ya 5

Maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huchanua Desemba hadi Aprili, ila kwa kulala hemani, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya ardhi kavu. Shida ni baridi. Uwanda uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai umande huganda hadi nyasi zinakuwa nyeupe alfajiri.

Jitegemee kwa kila kitu. Hesabu lita 5 za maji kwa mtu kwa siku. Mitungi midogo ya gesi ndiyo inayoangusha wengi: butani ikifika karibu na nyuzi 0 haigeuki mvuke, moto unafifia ilhali mtungi umejaa. Lala nao ndani ya begi la kulalia, au nunua wenye mchanganyiko wa propani. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi na maharage makavu huchelewa sana kuiva, kwa hiyo yaache nyumbani. Jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, linaua. Na cheche moja kwenye majani yale makavu ni janga.

Godoro la sponji lina faida kuliko blanketi la pili, maana baridi kali inatoka ardhini. Acha tundu la juu la hema wazi, la sivyo pumzi inageuka maji na kukulowesha. Vigingi viwe vya chuma. Upepo hauna mti wa kuuzuia.

Barabara ya Chimala kupitia Matamba, zile kona hamsini na saba, inataka gari lililoinuka. Kushuka, tumia gia namba moja, breki zisiungue.